Msimbo ukitoka kitabuni utoke mzima

Haya ndiyo niliyoongea Jumamosi iliyopita hapa Kisumu mbele ya walimu wa kompyuta, vijana wa kuandika programu na watu wachache wa kuchapisha vitabu. Wengine waliniomba niyaandike wayasome polepole nyumbani, kwa hivyo nimeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni.

Oyawore, na nyinyi mliotoka Kakamega na Busia na matatu ya alfajiri, mulembe. Mimi nafundisha kompyuta Nakuru, na kwa miaka kadhaa sasa pia napanga kurasa za vitabu vya kompyuta, yaani mtu ananiletea maandishi yake na mimi namtolea PDF ama EPUB, ile faili ya kitabu cha kusoma kwa skrini. Leo nimekuja kuongea juu ya kitu kimoja tu. Nikisema msimbo namaanisha ile mistari ya programu tunayoandika, na nataka msimbo ulio ndani ya kitabu cha kidijitali ukikopiwa utoke vile mwandishi aliuandika, herufi kwa herufi, spesi kwa spesi.

Wacha niwaambie ilianzia wapi. Kipindi chetu ni dakika 40, mnajua. Watoto watatu kwa kompyuta moja, umeme ukikubali. Nilikuwa nimewaandikia mwenyewe notsi za Python, ile lugha ya kuandika programu, nikazipamba vizuri kwa Word, nikazigeuza PDF nikaweka kwa kila kompyuta, na mfano wa kwanza kabisa ulikuwa huu:

print(“Karibu Nakuru”)

Mstari mmoja tu. Wakakopi, wakapesti, wakaendesha, na kompyuta zote zikakataa. Python ikasema kuna herufi isiyokubalika, U+201C. Sasa mtoto wa kidato cha kwanza atajua U+201C ni nini, kwamba ni namba ya herufi kwa ile orodha ya kimataifa inayoitwa Unicode? Kuna msichana mmoja mwenye bidii sana aliniita akaniambia, mwalimu, nimeangalia moja moja, yangu na ya kwa notsi ziko sawa kabisa. Na ukweli zilikuwa sawa, yeye hakukosea kitu. Word ilikuwa imezikunja zile alama za usemi bila kuniuliza, ile ya kufungua ikaangalia huku na ya kufunga ikaangalia kule kama kwa gazeti, na Python inajua ile alama iliyosimama wima peke yake, U+0022. Nilikuja kugundua dakika ya 35. Huyo msichana alikuwa ashaanza kusema kompyuta si yake, afadhali arudi kwa masomo mengine.

Hilo liliniuma na bado linaniuma. Mtu mzoefu akiona kosa atashuku kitabu, atashuku fonti, atashuku mashine. Mgeni hashuku kitabu, anajishuku mwenyewe. Kitabu kikimharibia mfano wa kwanza, anaamini ni kichwa chake kimekataa, na hatakuambia, ataacha tu kuja. Na mwaka 2022 KICD, ile taasisi ya mitaala ya Kenya, ilipitisha silabasi ya kufundisha watoto kuandika programu kuanzia shule ya msingi, kwa hivyo hivi vitabu tunavyopanga haviendi kwa mainjinia waliozoea, vinaenda kwa watoto wa miaka 10 na walimu ambao wenyewe wanajifunza usiku ndio wafundishe asubuhi.

Sasa tuingie ndani ya kitu chenyewe, na nitaenda polepole hapa kwa sababu ndipo shida ilipo.

Alama za usemi ni mwanzo tu. Ndugu yake ni deshi. Kwa kibodi kuna kistari kimoja kifupi, U+002D, na hicho ndicho kompyuta inatumia kwa kutoa na pia kwa amri. Lakini mpangaji wa kurasa anazo deshi za kila aina, kuna U+2013 ndefu kidogo, U+2014 ndefu zaidi, na kuna alama ya hesabu ya kutoa, U+2212, na zote kwa macho zinafanana tu. Ukiandika vistari viwili mfululizo programu nyingi za kuandikia zinaviunganisha kuwa deshi moja ndefu. Mtu anakopi amri ya kusasisha pip, ile programu inayoongezea Python paketi, pip install --upgrade pip, inafika kwake ikiwa na deshi moja, na pip inaona hilo neno si chaguo tena, inadhani ni jina la paketi unayotaka, inakataa. Mtu anajaribu mara kumi na bando inaisha.

Halafu kuna zile ambazo hazionekani kabisa. Spesi isiyokatika, U+00A0, ambayo mpangaji anaiweka ndio maneno mawili yasitengane mwisho wa mstari. Spesi isiyo na upana, U+200B, ambayo inawekwa katikati ya neno refu ndio likatike vizuri. Kistari cha siri, U+00AD. Hizi zote ni vifaa vizuri vya kazi yetu, mimi nazitumia kila siku kwa aya za kawaida. Ndani ya msimbo ni kama jiwe kwa mchele, hulioni mpaka uume. Mtu anaweza kuangalia mstari saa nzima, anafuta herufi anaandika upya, na ile U+200B imejificha hapo katikati ya jina inamngoja.

Sasa PDF. Watu wengi wanafikiri PDF ni maandishi. PDF, tangu Adobe waitoe mwaka 1993 mpaka ikawa kiwango cha ISO mwaka 2008, ni maagizo ya kuchora ukurasa. Ndani yake imeandikwa, chukua fonti hii, nenda mahali hapa, chora herufi hii, sogea kiasi hiki, chora ile. Ukikopi, ile programu ya kusomea inaangalia michoro na kukisia, hizi herufi ziko karibu basi ni neno moja, hapa kuna pengo basi pengine ni spesi. Inakisia! Na mara nyingi inakisia vizuri kwa aya ya kawaida, ndio maana hatujali. Lakini zile spesi nne za mwanzo wa mstari wa Python, hapo hakuna herufi ya kuchora, ni pengo tupu kabla ya herufi ya kwanza, na programu nyingi zinalitupa. TeX, ile programu ya kupanga kurasa ambayo Donald Knuth alianza mwaka 1977 kwa sababu hakupenda vile vitabu vyake vilikuwa vinapangwa, kwa kawaida haiandiki herufi ya spesi kabisa, inasogeza kalamu tu. Ukurasa unatoka mzuri ajabu, lakini spesi hazimo.

Na kwa Python spesi za mwanzo wa mstari ndizo sarufi yenyewe. Angalieni huu, na bei_za_omena ni orodha ya bei iliyoandikwa tayari:

jumla = 0
for bei in bei_za_omena:
    jumla = jumla + bei
    print(jumla)

Tuseme ni mama wa Dunga anahesabu bei ya omena kwa gorogoro, anataka kuona jumla ikipanda kila mteja akilipa. Ukikopi kutoka kwa PDF mistari yote inabanwa kushoto. Python inasema IndentationError, sawa, mwanafunzi anajua kuna kitu kimepotea, anajaribu kurudisha. Ule wa tatu anausukuma ndani. Wa nne je? Akiusukuma ndani inaonyesha jumla kila mara, akiuacha nje inaonyesha mara moja mwishoni, na Python inakubali zote mbili bila kulalamika hata kidogo. Kwa hivyo programu inaendeshwa, majibu yanatoka, na si yale ya kitabu, na hakuna mahali pa kuangalia kwa sababu hakuna kosa lililoandikwa. Mimi naogopa hili kuliko yale makosa ya kelele.

Mfano mwingine wa makosa ya kimya, na hapa vijana mnaounganisha mifumo ya malipo mtanielewa haraka. Ukitumia Daraja ya Safaricom, ule mfumo wa kuunganisha programu yako na M-Pesa, kumtumia mteja ombi la kulipa, lazima utengeneze neno la siri kwa kuunganisha namba ya biashara, ile pasikii yao, yaani ufunguo mrefu wa siri, na wakati, halafu unageuza kwa Base64, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida. Namba ya majaribio ni 174379, fupi, haina shida. Pasikii ya majaribio ina herufi na tarakimu 64. Weka hiyo kwa ukurasa mwembamba uone. Inafika mwisho wa mstari, programu ya kupanga inaikata, na kama hukuzima ukataji wa maneno inakuwekea na kistari hapo kwa huruma yake. Kijana anakopi, anaondoa ule mkato wa mstari kwa mkono, kistari hakioni, kwani kwa kamba ndefu ya herufi zisizo na maana nani atajua kistari si chake? Programu yake ni safi, Python haisemi chochote, lakini ombi linarudishwa kwamba vitambulisho si sahihi, na yeye anakaa siku mbili akifikiri akaunti yake imefungwa. Niliona hili kwa macho yangu, saiba moja hapa Kondele, na PDF aliyokuwa anatumia nilikuwa nimeipanga mimi.

Kuna herufi zinazoungana pia. Fonti nzuri za vitabu zikiona f na i zimefuatana zinazichora kama umbo moja, na umbo hilo lina namba yake, U+FB01. Kwa hadithi ni uzuri mtupu. Kwa msimbo, tuseme kigeu chako, yaani jina unalohifadhia thamani, kinaitwa fika, na kwa ukurasa mmoja kimeandikwa kwa herufi mbili na kwa mwingine kwa umbo moja. Python kwa majina ya vigeu inayarudisha kuwa herufi za kawaida, hapo unaponea. Lakini ndani ya alama za usemi hairudishi, kwa hivyo ukitafuta neno "fika" kwa orodha na liko hapo unaliona, inakuambia halipo. JavaScript, lugha nyingine ya programu, hairudishi hata majina, itakuambia jina hilo halijulikani. Dawa ni kutumia fonti ya upana mmoja kwa msimbo na kuzima kuungana, na kwa EPUB ni mstari mmoja wa CSS, ile lugha ya kuelekeza mwonekano wa ukurasa, font-variant-ligatures: none. Na kuna fonti za waandishi wa programu kama Fira Code zinazochora != kama alama moja ya si sawa, ≠. Nyinyi mnazipenda, najua, mimi pia naitumia kwa mashine yangu. Kwa kitabu cha anayeanza naomba muiache. Mtoto anaona ≠ kwa ukurasa, anaangalia kibodi, haiko.

Namba za mistari nitapita haraka. Zikiwa maandishi zinakopiwa pamoja na msimbo na mtu anakaa kufuta 1, 2, 3 mpaka 48. Kwa EPUB zitengeneze kwa kaunta ya CSS, maana kinachowekwa na CSS mbele ya mstari hakimo ndani ya maandishi yenyewe. Vilevile zile alama >>> za Python na ile $ ya amri, zinakopiwa na kuleta kosa. Ama uzitoe, ama uzilete kwa CSS.

Sasa EPUB yenyewe, na hapa nina furaha kidogo. EPUB ni mafaili ya XHTML na CSS, lugha zile zile za kurasa za wavuti, yaliyofungwa kwa zip, hakuna uchawi. Badilisha jina la faili kutoka .epub liwe .zip, lifungue, utaona kila kitu. EPUB 3 ilitoka 2011, na EPUB 3.3 ikawa pendekezo rasmi la W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2023. Maandishi humo ni maandishi kweli, spesi ni spesi, kwa hivyo kama uliweka msimbo ndani ya lebo za pre na code, zile spesi nne zinakaa. Shida huwa ni sisi. Mtu anachukua hati ya Word, anaigeuza kwa kubofya mara moja, na kila mstari wa msimbo unakuwa aya yake, spesi za mbele zimegeuzwa kuwa ujongezo wa CSS. Kwa macho ni safi. Kopi uone. Ama anasahau kwamba alama ya chini-ya (<) na ile ya na (&) zinaandikwa kwa njia maalum, < na &, anazigeuza mara mbili, na msomaji anaona < ndani ya programu yake na anaikopi hivyo hivyo.

Na kuna upana wa simu. Wengi wa wasomaji wetu hawana laptopu, wanasoma kwa simu na wanaendesha kwa Pydroid, app ya kuendesha Python, kwa simu hiyo hiyo. Mstari wa herufi 79, ule ambao mwongozo wa Python unaweka kama mwisho, hautoshei. Kuna wapangaji wanaukata kwa mkono na kuweka kishale kidogo cha kuonyesha unaendelea, na kishale kinakopiwa, na tumerudi palepale. Mimi nasema usikate, acha skrini iupinde yenyewe, white-space: pre-wrap, pamoja na hyphens: none ndio isiweke vistari. Upindaji wa skrini hauingii kwa kopi. Ila bora zaidi mwandishi mwenyewe aandike mistari mifupi tangu mwanzo. Python inakubali kuvunja mstari ndani ya mabano, tumia hiyo. Mimi na waandishi wangu tumekubaliana herufi 55, wengine walinuna wiki ya kwanza, sasa wamezoea.

Hapo kuna mzee mmoja mwalimu, amefundisha miaka mingi, aliinua mkono akasema jambo ambalo najua wengi mlikuwa nalo. Alisema, kijana, mimi sitaki wakopi, nataka waandike kwa vidole vyao, ndio njia ya kujua, kwa hivyo mimi huweka msimbo kama picha makusudi.

Mwalimu, nilimjibu hivi na narudia. Kwa kuandika kwa vidole nakubaliana na wewe kabisa, hata mimi mfano wa kwanza hadi wa kumi nawaambia waandike. Lakini huo ni uamuzi wa mwalimu darasani, siku hiyo, na watoto hao. Ukiuweka ndani ya kitabu umewaamulia watu hujawahi kuwaona. Umemwamulia mwalimu wa Bondo ambaye ana mfano wa mistari 60 na dakika 40 na anataka watoto waufanyie marekebisho, si kuupiga chapa. Umemwamulia mtu anayetaka kutafuta neno ndani ya kitabu, picha haitafutwi. Na picha ikishabanwa ndio faili iwe ndogo ya kutumwa kwa WhatsApp, hata huyo wa kuandika kwa vidole hajui kama ni l ama 1, kama ni O ama 0. Ataandika anachokiona, na atakosea bila kosa lake.

Halafu kuna yule ambaye haoni. Hapo Siaya, Aluor, kuna shule ya watoto wasioona. Mtoto kama huyo anasoma kwa masikio, kwa programu inayosoma skrini kwa sauti, TalkBack kama ni simu ya Android, ama NVDA kama ni kompyuta ya Windows, na NVDA ni ya bure. Ikifika kwa picha ya msimbo inasema picha. Basi. Ukurasa mzima wa kitabu, picha. Lakini msimbo ulioandikwa kama maandishi safi unasomeka, hata spesi za mwanzo wa mstari anaweza kuambiwa ni ngapi. Mimi zamani nilikuwa nafikiria kukopi ni mambo ya uvivu wa vijana, mpaka niliposikiliza mtu anasoma kitabu nilichopanga kwa njia hiyo, na kikamnyamazia kila palipo na mfano. Kile kinachofanya msimbo ukopike ndicho kinachofanya usikike, ni kitu kimoja.

Mzee alikaa kimya kidogo halafu akasema basi nipe zote mbili, picha na maandishi. Nilimwambia maandishi peke yake yanatosha, na fonti nzuri yatapendeza kuliko picha.

Sasa kazi inavyofanyika, kwa nyinyi mtakaoenda nyumbani kushika mashine. Kitu cha kwanza, msimbo usizaliwe ndani ya Word. Uandike kwa faili yake, .py ama .js, uendeshe hapo mpaka ufanye kazi, halafu kitabu kiuchukue kutoka kwa faili. Ukitumia LaTeX, ile iliyojengwa juu ya TeX, kuna amri ya kuvuta faili moja kwa moja, \lstinputlisting, na usisahau columns=fullflexible, keepspaces=true na upquote=true, maana bila hiyo ya mwisho hata alama ya usemi moja inapinda. Kama huna budi kutumia Word ama Google Docs, kuna mahali pa kuzima zile alama zilizopinda na ule usahihishaji wa kujifanyia wenyewe, zima kabla hujaandika hata neno, maana kuzima baadaye hakurudishi zilizopinda tayari. Na simu za iPhone nazo zinapinda, kwa hivyo msimbo uliotumiwa na mwandishi kwa meseji usiuamini. WhatsApp ndio kabisa, ukiandika nyota moja kila upande wa neno inageuza herufi nene na nyota zenyewe zinapotea machoni. Mwambie atume faili kama hati.

Kitu cha pili, na hiki ndicho wapangaji wengi hawafanyi, hata wenye jina. Kitabu kikiwa tayari, kile kile kitakachouzwa, kifungue na ukopi kila mfano kutoka ndani yake, uendeshe. Kila mmoja. Usijaribu faili la mwandishi, hilo unajua linafanya kazi. Kwa PDF kuna programu ya bure, pdftotext, inatoa maandishi yote, halafu unalinganisha na faili za asili na kuona kilichobadilika, hiyo inaokoa muda. Lakini hata baada ya hiyo mimi nachukua simu, simu ya kawaida ya bei ya chini, nafungua kitabu, nabonyeza kwa kidole, nakopi, nampa Pydroid. Kwa kitabu cha mifano 120 inanichukua siku mbili. Mchapishaji mmoja aliniambia hawezi kunilipa hizo siku mbili. Nikamwuliza, ukiuza kitabu cha mapishi ambacho chumvi imeandikwa sukari, si utalipa? Tukaelewana, alilipa siku moja na nusu.

Kwa PDF nitasema wazi, hata ukifanya yote, zile spesi za mwanzo wa mstari huwezi kuziahidi, inategemea programu ya msomaji. Watu wengine wanabandika faili la msimbo ndani ya PDF yenyewe, inawezekana, lakini kwa simu programu nyingi hazionyeshi kilichobandikwa. Kwa hivyo kila PDF ninayotoa inaenda na kafolda ka misimbo pembeni, faili moja kwa kila mfano, jina lake limeandikwa juu ya mfano kitabuni, sura03_omena.py, basi. Ni kilobaiti chache, inapita kwa Bluetooth, kwa flashi, kwa memori kadi, haihitaji bando. Na kama mchapishaji wako anafunga kitabu ndio kisikopiwe, mwambie afunge maneno akitaka, lakini misimbo aiache wazi, kwa sababu mtu alinunua kitabu cha kujifunza kuandika programu, na hiyo misimbo ndiyo aliyonunua.

Nimeshasema mengi na chai imefika. Kabla hamjainuka, toeni simu. Nimewatumia kurasa tatu kwa lile kundi letu la WhatsApp, mfano ni ule ule wa omena, na juu yake ule mstari wa Karibu Nakuru. Ukurasa wa kwanza ni PDF kutoka Word, wa pili ni PDF kutoka LaTeX, wa tatu ni EPUB. Hakuna nilichoharibu makusudi, zimetoka vile programu zinazitoa. Anzeni na wa kwanza. Kopi, pesti, endesha, na ambaye imekataa ainue mkono, mama hapo nyuma nakuona, soma hiyo namba ya herufi kwa sauti, U+ ngapi?